Kumkabidhi mtoto mchanga kwa usalama nchini Marekani: hatua kwa hatua

Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria inayomruhusu mzazi kumkabidhi mtoto wake mchanga hospitalini, au mahali pengine palipotajwa na sheria ya jimbo, bila kutaja jina na bila kushtakiwa kwa kosa la kumtelekeza. Texas ilitangulia mwaka 1999. Nebraska na Alaska zikawa za mwisho mwaka 2008. Kwa Kiingereza sheria hizi huitwa "Safe Haven". Hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, yashike maneno hayo mawili, maana ndiyo utakayoyasema mlangoni.

Mwongozo huu ni kwa Waswahili wanaoishi Marekani: wasichana wa shule, akina mama waliofika juzi kutoka kambini, na yeyote anayeambiwa siri ya mimba na hajui la kufanya. Wengi hawajawahi kusikia habari hizi, kwa sababu huko walikotoka sheria ya aina hii haipo. Matokeo yake mtoto anaachwa chooni au kwenye pipa la taka, na mama anaishia gerezani, ilhali hospitali iko mwendo wa dakika kumi.

Masharti matatu yanayokulinda

Ulinzi wa sheria umesimama juu ya mambo matatu: umri wa mtoto, mahali unapomkabidhi, na hali yake. Awe hajapita siku zilizowekwa, akabidhiwe panapotambulika, na asiwe na alama za kupigwa au kuumizwa. Likikosekana moja, huna tena kinga, na polisi wanaweza kufungua faili kama la mtu aliyemtupa mtoto.

Siku zinatofautiana sana:

- California: ndani ya saa 72, hospitalini au kwenye kituo cha zimamoto kilichoteuliwa.
- Pennsylvania: siku 28.
- New York, Ohio, Kentucky, Arizona, Georgia na Illinois: siku 30.
- Florida: siku 30 tangu Julai 2024; kabla ya hapo zilikuwa 7 tu.
- Texas: siku 60.
- North Dakota: mwaka mzima.

Mahali nako kunatofautiana. Hospitali yenye idara ya dharura ndiyo inayokubalika karibu kila jimbo, kwa hiyo ukiwa na shaka nenda hospitali. Kituo cha zimamoto kinakubalika katika majimbo mengi, ila si yote kwa masharti yale yale. Ohio hutaja hospitali, huduma ya gari la wagonjwa na askari polisi. Kentucky imeongeza nyumba za ibada zilizojiandikisha, tena zenye bango na saa maalumu. Kanisa lenu la Jumapili kwenye jengo la kukodi halihesabiki.

Usitegemee orodha uliyotumiwa na rafiki kwenye simu, kwa sababu sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara. Piga 1-888-510-2229, namba ya bure ya National Safe Haven Alliance inayojibiwa saa 24. Taja jimbo ulilopo na umri wa mtoto, watakuambia mahali palipo karibu. Huhitaji kutoa jina.

Kwa nini wamekaza hivyo juu ya umri? Nebraska ilipopitisha sheria yake mwaka 2008 haikuweka kikomo chochote. Katika miezi michache wazazi waliochoka, wengine wakitoka majimbo ya mbali, waliacha watoto zaidi ya 30 hospitalini, wengi wao vijana wa miaka kumi na kitu. Bunge la jimbo likaitwa haraka na kuweka siku 30. Basi ukiwa na mtoto wa miezi minne usijaribu mlango huu. Piga 211, namba ya kuelekezwa kwenye huduma za jamii, eleza kwamba huwezi kumlea, nao watakuelekeza kwenye huduma za familia au shirika la kuasili. Njia hiyo ipo, ila si ya siri kamili.

Hatua ya 1: ukiwa bado mjamzito

Kajifungulie hospitalini. Huo ndio ushauri wa kwanza, na hata usipofuata mengine yote ya mwongozo huu, fuata huo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inailazimisha hospitali yenye idara ya dharura kumpokea mwanamke mwenye uchungu na kumhudumia hata kama hana bima, hana pesa wala hana karatasi za uhamiaji. Bili itakuja baadaye, na kwa mwenye kipato kidogo kuna Medicaid ya dharura, yaani bima ya afya ya serikali, inayolipia uzazi hata kwa asiye na hadhi ya ukaaji. Omba kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaruhusiwa kutoka, akujazie fomu.

Hapa pana jambo moja linaloumbua wasichana wengi. Kama uko kwenye bima ya mzazi wako, kampuni ya bima hutuma nyumbani karatasi ya maelezo ya malipo, na jina la huduma limeandikwa humo. Waambie mapema hospitali na bima kwamba unataka mawasiliano yako yawe ya siri, uwape anwani nyingine au barua pepe yako mwenyewe. Sheria ya faragha ya afya inakupa haki ya kuomba hivyo.

Ukiwa kitandani unamwambia muuguzi: "I want to surrender my baby under Safe Haven." Yaani unataka kumkabidhi mtoto chini ya sheria hii. Florida, kwa mfano, inamruhusu mama kusema hivyo hapo hapo baada ya kujifungua. Lakini ujue tofauti: ukijifungulia hospitalini faili lako limeshafunguliwa, kwa hiyo jina lako litakuwa siri, halitakuwa halijulikani kabisa. Asiyejulikana kabisa ni yule anayefika mlangoni na mtoto mikononi bila kuandikwa popote. Wapo wanaoikwepa hospitali kwa ajili ya tofauti hiyo. Tunasema wazi kwamba haifai kuihatarishia maisha.

Kuhusu mkalimani: hospitali inayopokea fedha za serikali lazima ikupatie bila malipo. Waswahili katika miji mingi ya Marekani wanajuana, na hofu ya kwamba mkalimani ni mke wa mchungaji wenu ni hofu ya haki. Omba mkalimani wa simu, siyo wa kuja ana kwa ana. Mara nyingi atakuwa yuko jimbo lingine kabisa. Huna sababu ya kumtajia jina lako, naye amefungwa na kanuni ya kutunza siri. Kama unaongea Kiswahili cha Kongo, sema hivyo tangu mwanzo. Usikubali mtoto wako mkubwa au jirani akutafsirie.

Hatua ya 2: uchungu umekushika ukiwa peke yako

Piga 911. Ambulensi ikija, wahudumu wake katika majimbo mengi wanaweza kumpokea mtoto kisheria, nawe utahudumiwa papo hapo. Wakati unawasubiri:

1. Mkaushe mtoto mara tu anapotoka, kwa taulo safi, kuanzia kichwani. Mtoto mbichi hupoteza joto kwa kasi, na baridi ndiyo adui yake wa kwanza.
2. Kama halii, msugue mgongo kwa taulo na umfute mdomo na pua. Mtu wa 911 atakuelekeza zaidi, kwa hiyo weka simu kwenye spika.
3. Mlaze kifuani pako, ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo na kichwa. Usimwogeshe.
4. Usikate kitovu. Mkasi wa jikoni na uzi wa nguo ndiyo njia ya pepopunda na kutoka damu. Kondo la nyuma likitoka, liweke kwenye mfuko wa plastiki kando ya mtoto, viende pamoja.
5. Usivute kitovu ili kondo litoke. Kuvuta huweza kukatiza kamba au kugeuza mfuko wa uzazi nje. Ikipita nusu saa halijatoka, au damu inatiririka, hiyo ni dharura yako mwenyewe.
6. Usimpe maji, sukari wala dawa ya miti. Akitaka kunyonya, mnyonyeshe. Hilo halikuondolei haki ya kumkabidhi.

Kumbuka kwamba maadamu kondo halijatoka na kitovu hakijakatwa, huwezi kwenda popote. Ndiyo maana mpango wa "nitajifungua bafuni kisha nitampeleka" huvunjika katikati.

Hatua ya 3: kumsafirisha

Vua kila kilicholowa, mvike kofia na blanketi mbili nyepesi, uso ukiwa wazi. Asiwekwe kwenye begi lenye zipu wala kwenye buti la gari. Kama una gari lakini huna kiti cha mtoto, usimpakate huku ukiendesha. Piga 911, au ile namba ya 1-888 wakuelekeze la kufanya. Florida imeandika kabisa kwenye sheria yake kwamba mzazi anaweza kupiga 911 na kuomba wahudumu wamfuate mahali alipo.

Nani ampeleke? Majimbo mengi yanamruhusu mzazi yeyote kati ya wawili. Georgia inamtaja mama. Shangazi au rafiki akimpeleka peke yake anaweza kuulizwa maswali ambayo mama asingeulizwa. Bora mama awepo, hata kama mwingine ndiye anayesema.

Hatua ya 4: mlangoni

Mtoto atoke mikononi mwako aingie mikononi mwa mtu. Sentensi hiyo tungetaka kila msichana aijue kwa moyo. Kumweka kwenye ngazi za kituo, kubonyeza kengele na kukimbia, kisheria mara nyingi huhesabiwa ni kumtelekeza, na watoto wamekufa kwa baridi au joto kwenye ngazi hizo hizo kwa sababu hakuna aliyesikia kengele.

Hospitalini, ingia idara ya dharura, nenda hadi kwa mtu aliyevaa beji, useme "Safe Haven." Watakupeleka pembeni. Mlinzi mwenye silaha mlangoni yupo kwa kazi nyingine, asikutie hofu.

Kwenye kituo cha zimamoto hali ni nyingine. Vituo vingi vya miji midogo huendeshwa na watu wa kujitolea na havina mtu usiku. Hata cha mjini huwa kitupu gari likishatoka kwenda kazini. Taa kuwaka si dalili kwamba yupo mtu. Bonyeza kengele, gonga, subiri uone uso wa mtu. Asipotokea, usimweke mtoto chini. Piga 911 ukiwa hapo hapo, sema: "I have a newborn baby, Safe Haven, I am at the fire station," kisha taja barabara. Kaa naye mpaka wafike.

Sanduku la ukutani

Baadhi ya majimbo yameruhusu sanduku maalumu lililojengewa kwenye ukuta wa kituo cha zimamoto au hospitali. Indiana ilianza mwaka 2016. Ndani kuna kitanda kidogo na joto hudhibitiwa. Ukifungua mlango wa nje, kengele inapiga ndani bila wewe kuisikia. Ukishamlaza mtoto na kuufunga mlango, hujipiga kufuli wenyewe, na wahudumu humtoa kupitia mlango wa ndani. Chukua bahasha au mfuko wa maelezo uliomo kabla hujafunga, maana hutaweza kuufungua tena.

Sanduku ni kwa yule ambaye hawezi kabisa kuonana na mtu. Tatizo lake ni kwamba hakuna anayekutazama wewe, na kama unavuja damu utaondoka nayo. Pia halimo katika majimbo yote, kwa hiyo usidhani kila kituo kinalo.

Hatua ya 5: maswali, na yale yanayofaa kujibiwa

Hawatakuomba kitambulisho, na jina una haki ya kutolitaja. Sheria hizi hazina sharti la umri wa mzazi wala hadhi ya uhamiaji. Watakupa fomu ya historia ya afya, ambayo ni hiari. Tunakusihi uijaze, au uyaseme kwa mdomo, kwa sababu mengine yana saa zake:

VVU. Kama una virusi au hujui, sema. Dawa za kumkinga mtoto zinafaa kuanza ndani ya saa 6 za kwanza, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Homa ya ini aina ya B. Mtoto wa mama mwenye ugonjwa huo huchomwa sindano mbili ndani ya saa 12.

Selimundu. Ukoo ukiwa nao, taja. Atapimwa kwa tone la damu la kisigino, lakini daktari akijua mapema atakuwa macho.

Taja pia malaria, kama ulikuwa Afrika miezi ya karibuni, saa aliyozaliwa, kama maji yalipasuka zaidi ya saa 18 kabla, na dawa, pombe au mihadarati uliyotumia. Hili la mwisho watu hulificha, wakati mtoto anayeanza kutetemeka siku ya pili hutibiwa vizuri zaidi sababu ikijulikana.

California humvika mtoto bangili ya mguuni yenye namba ya siri, na mzazi hupewa inayofanana nayo. Majimbo mengine yana karatasi. Kama nyumbani kuna mtu anayepekua vitu vyako, usiingie na karatasi hiyo. Ikariri namba, au mwachie mtu unayemwamini.

Hatua ya 6: mwili wako mwenyewe

Wengi huondoka mbio na kurudi kazini kesho yake. Ukiwa bado hospitalini, kubali kupimwa. Kama kundi lako la damu ni hasi, kuna sindano inayotakiwa ndani ya saa 72 ili mimba zijazo zisiathirike. Rudi idara ya dharura mara moja ukiona pedi kubwa inalowa yote ndani ya saa moja, homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Maziwa yatajaa kati ya siku ya pili na ya tano, yatauma. Vaa sidiria ya kubana vizuri, weka kitambaa cha baridi, kamua kidogo tu kwa ajili ya kupunguza maumivu. Damu kidogo kidogo kwa wiki 4 hadi 6 ni kawaida.

Na huzuni ikikulemea, piga 1-833-852-6262, namba ya taifa ya afya ya akili ya akina mama, saa 24 na yenye wakalimani. Ukifikiria kujidhuru, piga 988.

Mtoto huenda wapi, na ukibadili mawazo

Hupimwa hospitalini, kisha idara ya ustawi wa watoto ya jimbo humchukua na kumweka kwenye familia ya malezi, mara nyingi ile inayotaka kumwasili moja kwa moja. Mahakama ndiyo inayofuta haki za wazazi. Kuhusu uraia, sheria ya shirikisho inamhesabu mtoto aliyeokotwa Marekani kabla ya miaka mitano, wazazi wasijulikane, kuwa ni raia, isipothibitika kabla hajafikisha miaka 21 kwamba alizaliwa kwingine.

Ukitaka kumrudisha, usingoje. California inatoa siku 14, na ile namba ya bangili ndiyo ushahidi wako wa kuanzia. Kentucky huanza mchakato wa kufuta haki baada ya siku 30. Utachunguzwa kwanza kama nyumba yako ni salama, na unaweza kuhitaji wakili.

Baba naye ana haki. Majimbo mengi yana daftari la wanaume wanaodai ubaba, nalo hukaguliwa kabla ya kuasili. Texas inataka mwanamume ajiandikishe kabla au ndani ya siku 31 tangu mtoto kuzaliwa. Akichelewa, huenda asipewe hata taarifa ya kesi.

Kama unataka kuchagua familia itakayomlea, au kupata picha na habari zake, basi sheria hii siyo njia yako. Nenda shirika la kuasili lenye leseni. Yote mawili ni halali, ila ukishamkabidhi kwa siri kamili, mara nyingi huwezi kuirudia nafasi hiyo ya kuchagua.

Kwako wewe uliyeambiwa siri

Shangazi, mama mchungaji, shemeji: huenda wewe ndiye mtu pekee aliyeambiwa. Usianze na nani kampa mimba. Uliza uchungu umeanza lini na kama anatoka damu. Mpe simu, kaa naye akipiga 1-888-510-2229, mpeleke hospitali usiku huo huo ikibidi. Mambo ya ukoo yatapata wakati wake.

Na yeyote anayesoma haya akiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ajue kwamba utaratibu huu haumhusu huko. Kumwacha mtoto kituo cha zimamoto au polisi na kuondoka ni kosa la jinai. Kinachowezekana ni kumweleza muuguzi au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kutoka wodini. Kwa Kenya, ridhaa ya mama ya kumtoa mtoto aasiliwe haichukuliwi kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116 katika nchi zote hizo tatu.